Kokoto, Vitako au Jamvi: Uandae Nini Chini ya Kontena, Banda la Bati au Gereji

Masika ya pili tangu tuweke kontena la futi 20 nyuma ya nyumba pale Kibaha, mlango wa kulia uligoma kufunguka. Tulipaka bawaba grisi, tukagonga kwa nyundo, tukaanza kusema tuliuziwa kontena bovu. Siku nilipochukua mpira wa maji wa kupimia usawa nikapima pembe zote nne ndipo nilipoona kosa: pembe ya nyuma kushoto ilikuwa imeshuka sentimita 4. Kontena lilikuwa zima kabisa. Tulilitua juu ya bloku tatu tatu zilizopangwa kwenye udongo wa juu, ule laini wenye mizizi, na mvua ikafanya kazi yake. Boksi la chuma likijipinda kidogo tu, fremu ya mlango hupoteza mraba wake na vyuma vya kufungia havikutani tena na matundu yake.

Tangu hapo kila anayeniuliza bei ya kontena au ya banda la kuunganisha namrudishia swali: chini unaweka nini? Kwa kawaida fundi anayeona kokoto zipo karibu atasema kokoto, na fundi wa zege atasema mwaga jamvi. Majibu ni matatu hasa: kitanda cha kokoto zilizoshindiliwa, vitako vya zege chini ya pembe, au jamvi zima la zege. Yote matatu yanafaa, ila si kila mahali.

Mambo ya kupima kabla ya kuchagua

La kwanza ni udongo. Chimba shimo la sentimita 60 mahali utakapoweka banda, uangalie kuta zake. Mchanga wa pwani, kama wa Kigamboni, humomonyoka kwenye shimo lakini maji hupita haraka. Udongo mwekundu wa kichanga hushikana vizuri na hubeba mzigo. Wa kuogopa ni udongo mweusi wa mbuga, unaopatikana sehemu nyingi za Shinyanga na Simiyu, na kwa majirani zetu wa Kenya kule Kitengela na Athi River. Kiangazi hupasuka nyufa ambazo unaweza kuingiza kiganja, na mvua ikinyesha huvimba na kuinua chochote kilicho juu yake. Mwaga ndoo mbili za maji ndani ya shimo. Yakiisha ndani ya saa moja, umebahatika. Ukiyakuta kesho yake asubuhi, hiyo ni habari kubwa kuliko bei ya banda. Chukua pia kipande cha nondo ya milimita 12 ukikandamize chini kwa mikono. Kikizama kirahisi hadi nusu mita, hapo kuna kifusi kilichomwagwa bila kushindiliwa.

La pili ni maji ya juu ya ardhi. Nenda kiwanjani mvua inaponyesha, usiende siku ya jua. Angalia yanatoka wapi, yanapita wapi, na yanakusanyika wapi.

La tatu, ambalo watu wengi hawalifikirii, ni uzito unatua wapi. Kontena halikalii sakafu yake, linakalia pembe nne. Kile kipande cha chuma kwenye kila pembe kina ukubwa wa milimita 178 kwa 162 tu, nacho kimejitokeza kidogo kupita mihimili ya chini. Kontena tupu la futi 20 lina kama tani 2.3. Lijaze saruji, vipuri au chakula cha mifugo hadi jumla ifike tani 12, na kila pembe inabeba tani 3. Tani 3 juu ya eneo dogo kuliko karatasi ya daftari ni zaidi ya tani 100 kwa kila mita ya mraba, na udongo wa kawaida hauwezi kabisa. Tandaza mzigo huohuo juu ya kitako cha sentimita 60 kwa 60, unapata kama tani 8 kwa mita ya mraba, na udongo mgumu uliotulia unalimudu hilo. Banda la bati la kufunga kwa nati ni kinyume chake. Ni jepesi, halina sakafu, na uzito wake umetandaa kwenye mzingo wote wa kuta. Tatizo lake ni kupaa, si kuzama. Kimbunga Hidaya kilipofika pwani yetu Mei 2024 kilitukumbusha kwamba hata huku upepo unaweza kuwa mkali. Gereji nayo ina mzigo unaotembea: magurudumu manne yanaingia na kutoka kila siku kwenye mistari ileile.

La nne ni ardhi yenyewe. Ni yako, umepanga, au iko kwenye hifadhi ya barabara? Kwa barabara kuu za Tanzania, Sheria ya Barabara ya 2007 iliweka hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Ukishaiona X nyekundu ya kuamriwa ubomoe ukutani, kontena unaweza kulibeba ukaondoka nalo, lakini zege utaliacha hapo. Uliza pia halmashauri yako kuhusu kibali, maana kuwa na banda linalohamishika hakukuondolei wajibu huo.

Mwisho, sakafu itafanya kazi gani, na mfuko wako ukoje. Bei hubadilika kila msimu na kila mkoa, kwa hiyo hapa nataja idadi ya mifuko na ujazo. Zidisha kwa bei ya kwenu.

Kazi ambayo huikwepi kwa njia yoyote

Ondoa majani, visiki na udongo wa juu wenye mizizi, kwa kawaida sentimita 15 hadi 20. Mizizi ikioza inaacha mapengo, na mizizi yenyewe ni mlo wa mchwa. Piga vigingi, funga kamba, hakikisha kona ni mraba kwa 3, 4, 5: mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, na mshazari uwe mita 5 kamili. Kisha pima mishazari miwili ya eneo lote, lazima ilingane. Kwa usawa, mpira wa maji unaoonyesha ndani ni rahisi na hauna makosa, mradi usiache mapovu ya hewa.

Na pima njia ya lori. Lori lenye kreni linahitaji kusimama pagumu, kutoa miguu yake pembeni, na kunyanyua bila nyaya za umeme juu. Nimeshuhudia watu wakivunja ukuta wa uzio kwa sababu tu msingi ulikuwa tayari na lori halikuweza kuufikia. Amua pia mlango utatazama wapi kabla kontena halijapakiwa, kwa kuwa kuligeuza juu ya lori kwenye kiwanja chembamba ni shida ya siku nzima.

Kitanda cha kokoto

*Kazi yenyewe.* Unachimba, unatandika kitambaa cha jeotekstaili ili udongo usipande kuchanganyika na kokoto, unazungushia kingo za mawe au tofali, kisha unamwaga kokoto zenye makali katika tabaka za sentimita 10 na kushindilia kila tabaka kwa mashine ya kukodi. Kokoto za mviringo za mtoni usizikubali hata ukipewa bure, zinateleza zenyewe kwa zenyewe kama gololi. Kwa kontena la futi 20, kitanda cha mita 7 kwa 3.4 chenye kina cha sentimita 15 kinahitaji meta za ujazo kama 3.6 zilizoshindiliwa. Agiza 4.5 hadi 5, kwa sababu zinapungua zinapokazwa. Siku mbili kazi imekwisha, na kontena linaweza kuja siku ya tatu.

*Udongo na maji.* Kwenye mchanga na udongo mwekundu ni chaguo zuri sana: maji yanapita, chini panabaki pakavu, kutu inachelewa. Kwenye udongo mweusi au mfinyanzi mzito hali inageuka. Shimo ulilochimba linakuwa bakuli, maji yanapita kwenye kokoto na kukaa pale pale chini ya mzigo wako, yakilainisha kile ulichotaka kiwe kigumu. Kama huna njia nyingine, usichimbe bakuli. Panda juu ya ardhi kwa moramu (udongo wa changarawe) iliyoshindiliwa, na uipe mteremko wa kumwaga maji nje.

*Uzito.* Pembe za kontena bado zinahitaji kitu cha kutandaza mzigo. Taruma la mbao ngumu la reli lenye urefu wa mita 2.6, likilazwa upande mmoja hadi mwingine chini ya pembe mbili, linafanya kazi hiyo vizuri. Banda la bati linataka fremu ya chini ya chuma, na fremu hiyo ifungwe kwenye vitako vidogo vya zege kwenye kona na katikati ya kuta ndefu. Vigingi vya chuma vilivyopigwa kwenye kokoto peke yake hung'oka upepo ukivuta.

*Kuhama.* Hapa haina mpinzani. Kokoto unazikusanya na kuondoka nazo, au unazimwaga njiani kwako.

*Inamfaa nani.* Mpangaji, mwenye biashara isiyo na uhakika wa eneo, mtu wa pwani kwenye mchanga, na anayetaka stoo kabla ya mwisho wa wiki.

Vitako vya zege

Hapa nitakaa zaidi, maana ndiyo njia niliyotumia kurekebisha kosa letu la Kibaha.

*Kazi yenyewe.* Unachimba mashimo manne tu, kila moja sentimita 60 kwa 60, hadi ufike udongo mgumu. Unamwaga zege la 1:2:4 (saruji 1, mchanga 2, kokoto 4) lenye unene wa sentimita 40 na wavu mwepesi wa nondo chini, halafu unapandisha kishina cha sentimita 30 kwa 30 juu ya usawa wa ardhi. Vyote vinne pamoja na vishina vyake havifiki hata meta moja ya ujazo. Mifuko 5 ya saruji inatosha na chenji. Vipimo ndivyo vinavyoamua kila kitu. Kwa kontena la futi 20, kutoka katikati ya tundu la pembe moja hadi katikati ya tundu la pembe nyingine ni mita 5.853 kwa urefu na mita 2.259 kwa upana, na mshazari wake ni mita 6.274. Andika namba hizo tatu kwenye ubao na umpe fundi. Fundi akipima ukubwa wa nje wa kontena badala ya matundu, vitako vitatoka nje na pembe zitakalia kingo, na kingo za zege hubanduka.

*Udongo na maji.* Nafasi ya hewa chini ni faida yake kubwa. Mihimili ya chini ya kontena ndiyo huoza kwanza, na ikipata upepo inadumu. Sehemu inayotuamisha maji unapandisha vishina, basi. Kwenye udongo mweusi kina ni lazima kipite tabaka linalovimba, na hilo mara nyingi ni zaidi ya mita moja. Hata hivyo vitako vina jambo ambalo jamvi halina: vikisogea, unavirekebisha. Baada ya ile masika tulinyanyua pembe iliyozama kwa jeki ya tani 20, polepole, tukiweka mbao ngumu chini kila sentimita chache ili jeki ikiteleza kontena lisimwangukie mtu. Tulimwaga kitako kipya, tukasubiri, tukalishusha, na tofauti ya milimita chache iliyobaki tukaijaza kwa vibao vya chuma. Mlango ulifunguka kwa mkono mmoja. Kila mwisho wa masika napima tena kwa mpira wa maji, nusu saa tu.

*Uzito.* Kwa kontena ni kama viatu vilivyoshonwa kwa mguu wake. La futi 40 ni kubwa zaidi, na wengi huongeza vitako viwili katikati. Kwa banda la bati lisilo na sakafu, vitako peke yake havitoshi. Lazima ujenge fremu ya mihimili juu yake na sakafu ya mbao, na gharama inapanda hadi karibu na jamvi. Kwa gari, usifikirie.

*Kuhama.* Kontena linaondoka, vitako vinabaki, lakini hasara ni mifuko mitano.

*Inamfaa nani.* Mwenye kontena, hasa kwenye mteremko. Ukiwa na kiwanja cha Goba au Mbezi kinachoshuka, kusawazisha eneo lote ni kukata kilima na kujenga ukuta wa kuzuia udongo. Vishina vinne vya urefu tofauti vinamaliza habari hiyo, na vile virefu vitiwe nondo nne wima na ringi. Kasoro iliyopo ni ile nafasi ya chini, inayoalika panya, nyoka na majani. Zungushia wavu, uache hewa ipite.

Jamvi la zege

*Kazi yenyewe.* Ni ujenzi kamili: kifusi au moramu iliyoshindiliwa, dawa ya mchwa, nailoni, wavu wa BRC (wavu wa chuma wa kuimarisha zege), zege, kisha maji ya kumwagilia. Kwa gereji ya gari moja yenye mita 6 kwa 3.5, jamvi la unene wa sentimita 12.5 linakula zege meta 2.6 za ujazo, yaani mifuko kama 17. Ukinenepesha ukingo wote hadi sentimita 30, ongeza mifuko 6. Wavu wa A142, wenye waya wa milimita 6 kila sentimita 20, unatosha kwa gari dogo, ila ukae ndani ya zege juu ya vijitofali. Ukilazwa juu ya nailoni hausaidii kitu. Kata mstari wa kupasukia katikati ya urefu, kina chake robo ya unene. Zege litapasuka kwa vyovyote, nawe unalichagulia pa kupasukia.

Msimamie fundi kwenye maji ya kuchanganyia. Zege lililo kama uji ni rahisi kumwaga na ndilo linalomomonyoka uso baada ya mwaka. Mwagilia siku 7 mfululizo, au lifunike kwa magunia mabichi. Banda jepesi unaweza kulifunga baada ya wiki hiyo, lakini kontena lenye mzigo na gari visubiri siku 28.

*Udongo na maji.* Jamvi linavumilia udongo usio sawasawa kuliko kokoto, kwa kuwa linatembea kama kipande kimoja. Halivumilii udongo mweusi. Kingo huinuka mvua zikianza, katikati panabaki, nalo linavunjika. Huko unachimba udongo huo na kuweka moramu badala yake kabla ya kufikiria zege, na kwa jengo kubwa muite mhandisi. Kuna pia kosa moja dogo linaloharibu mabanda mengi: jamvi kuwa pana kuliko banda. Mvua inapiga ule ukingo wa nje, maji yanapita chini ya bati, na stoo inalowa kila siku ya mvua ingawa paa halivuji. Fanya jamvi liwe sawa na banda, au ukingo wa nje ushuke sentimita 2 hadi 3. Kwa gereji, lipe mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita kuelekea mlangoni.

*Uzito.* Linabeba vyote vitatu. Bolti za kufungia banda zinashika kweli, na hilo ndilo jibu bora la upepo. Chini ya pembe za kontena linenepeshe, na weka vibao vya chuma ili kontena lisilale moja kwa moja juu ya zege lenye unyevu.

*Kuhama.* Hakuna. Umeshaamua.

*Inamfaa nani.* Mwenye hati na mpango wa miaka mingi, mwenye gari, fundi anayehitaji sakafu ya kufagia mafuta na kukokota mashine, na anayehifadhi nafaka mahali penye mchwa.

Ukiwa katika hali hii

Umepanga eneo la biashara na mkataba ni wa mwaka mmoja: kokoto na mataruma, hata kama jirani amemwaga jamvi.

Kiwanja ni chako na unataka kontena la stoo tu: anza na vitako. Fedha utakayookoa kwenye jamvi itumie kupaka mihimili ya chini rangi ya kuzuia kutu kabla halijashushwa, maana baadaye hutaifikia.

Banda la bati la kuku, zana au pikipiki kwenye mchanga: kokoto, fremu ya chuma, na vitako vidogo sita vya kulifunga. Mahali penye upepo wa bahari moja kwa moja, ongeza hadi vinane.

Gereji ya gari linalolala nyumbani: jamvi. Kama fedha bado, mwaga mistari miwili ya zege yenye upana wa sentimita 60 chini ya magurudumu na kokoto katikati. Kanopi, yaani paa la kufunika gari, isimame juu ya vitako vyake, na jamvi utalimalizia juu ya kazi hiyohiyo miaka ijayo.

Udongo mweusi na kontena: vitako vya kina, jeki, na ratiba ya kupima kila mwaka. Udongo mweusi na gereji: usinunue chochote kabla hujajua moramu inatoka wapi na tripu ni bei gani, kwa kuwa hiyo ndiyo itakayokula nusu ya bajeti yako.

Bondeni, mahali maji yanafika magotini kila masika: vishina virefu vinaweza kuokoa mali iliyo ndani ya kontena, lakini kontena tupu lina hewa nyingi na huelea. Lifunge kwenye vitako kwa chuma kilichochomelewa. Kama bado hujalinunua, tafuta sehemu ya juu zaidi ya kiwanja kwanza, hata kama iko mbali na geti.